Fundi na Picha: Kujifunza Kazi katika Umri Wowote, kutoka Walungu hadi Pwani

Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Kwa muda mrefu methali hii imetumiwa na wazazi, walimu na hata watawala kuthibitisha kwamba wakati wa kujifunza ni utoto, na kwamba mtu aliyekwisha kukomaa ni sawa na samaki aliyekauka: ukijaribu kumkunja atavunjika. Lakini lugha hiyo hiyo husema pia kwamba elimu ni bahari, na bahari haimwulizi mtu umri wake kabla ya kumpokea. Methali hizi mbili zimeishi pamoja bila kugombana kwa sababu kila moja huitwa wakati wake unapofika. Mwanahistoria, hata hivyo, hana budi kuuliza swali ambalo methali haziulizi: katika maisha ya kila siku ya watu wa Kongo ya Mashariki na Afrika ya Mashariki, ni nani hasa waliojifunza kazi mpya, katika umri gani, na ushahidi wake uko wapi?

Makala haya yanachunguza ushahidi wa aina moja, nao ni picha zilizopigwa kwa kamera. Mfano unaoangaliwa kwanza ni Walungu, eneo lililoko kusini-magharibi mwa mji wa Bukavu katika jimbo la Kivu ya Kusini, kisha mfano huo unalinganishwa na mambo yaliyotokea Kinshasa, Lamu, Mombasa, Tanzania na Eldoret. Hoja zinazotetewa ni mbili. Ya kwanza ni kwamba picha rasmi, yaani zile zilizopigwa na serikali, misheni na magazeti, kwa kawaida zilimweka mtoto kwenye dawati na kumwacha mtu mzima nje ya darasa, au zikamwonyesha mtu mzima anayejifunza kana kwamba ni kioja. Ya pili ni kwamba kazi yenyewe ya kupiga picha ilienezwa na watu wazima waliojifunza wakiwa wakubwa, mara nyingi bila shule, na kwa hiyo historia ya kamera katika sehemu hizi ni historia ya elimu ya watu wazima kwa jina jingine.

Maneno yenyewe

Ni vema kuanza na lugha. Neno fundi na neno mwanafunzi ni ndugu wa mzizi mmoja. Kitenzi funda, ambacho maana yake ni kuelekeza au kutia adabu na maarifa, ndicho kilichozaa funza, fundisha, funzo, mafundisho na fundi. Kwa umbo lake fundi ni mwenye kufunda. Lugha haikumtenga mtu ajuaye kazi na mtu aifundishaye: ajuaye ndiye afundishaye, na afundishwaye leo ndiye fundi wa kesho. Katika mzizi huu hakuna dalili yoyote ya umri. Mwanafunzi ni "mwana" kwa sababu yuko chini ya mwingine katika kazi, kama mwanamaji alivyo "mwana" wa bahari ingawa ana mvi.

Jambo la pili ni kitenzi piga. Msemaji wa Kiswahili hupiga picha kama apigavyo pasi, chapa, taipu na simu. Wageni wanaojifunza lugha hushangaa kuona kitenzi kimoja kikibeba kazi nyingi kiasi hicho. Lakini ukitazama orodha utagundua kuwa nyingi ni stadi zilizoingia pamoja na vyombo vipya. Kila chombo kilipofika, lugha haikutafuta kitenzi kigeni. Ilikipokea chombo mlangoni kwa kitenzi cha zamani kilichozoeleka. Katika Kivu watu hupiga foto, neno lililotoka katika Kifaransa, na neno sanamu, ambalo pwani hutumika zaidi kwa mfano uliochongwa, hutumika pia kwa picha. Jina limebadilika kwa kufuata mlango lilikoingilia, lakini kitenzi hakikubadilika.

Walungu na shule zake zisizo na kuta

Walungu ni nchi ya vilima vya Bushi. Ndani yake mna machifu wawili wa jadi, yaani Ngweshe na Kaziba. Lugha ya nyumbani ni Mashi. Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba, kwa wengi ni lugha ya pili: ni lugha ya soko, ya barabara, ya kambi na ya mji wa Bukavu. Kwa hiyo Kiswahili chenyewe katika Walungu ni stadi iliyopatikana kwa kujifunza, na mara nyingi kwa kujifunza ukubwani. Mama aliyebeba mihogo au ndizi kwenda kuuza Bukavu alijifunza hesabu za Kiswahili kwa wateja wake, si kwa mwalimu. Aliyekosea alipata hasara siku hiyo hiyo, na hasara ikawa mwalimu mkali kuliko fimbo.

Kabla ya shule za wageni, kazi zilifunzwa kwa kukaa karibu na ajuaye. Kaziba ilisifika kwa uhunzi na kwa biashara. Anayejifunza uhunzi huanza kwa kuvukuta, yaani kuupa moto pumzi, naye huangalia tu. Baadaye hushika koleo, kisha nyundo ndogo, na mwisho hupewa chuma chake mwenyewe. Hatua hizi hazikupimwa kwa miaka ya kuzaliwa bali kwa mkono. Mtu aliyeoa na kupata watoto angeweza kuwa bado yuko kwenye mivukuto, na hakuna aliyemcheka.

Mwaka 1906 Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Nyangezi, na katika miaka ya 1920 Wanorwe wa madhehebu ya Kipentekoste walikuja Kaziba. Pamoja na misheni zikaja shule za kusoma na kuandika, useremala, uashi na ushonaji, na pamoja na hizo ikaja kamera. Wamisionari walihitaji picha za kupeleka kwao ili wafadhili waone kazi inayofanywa. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwa kuwa picha iliyopigwa ili imwonyeshe mfadhili matunda ya sadaka yake huchagua la kuonyesha. Huchagua mistari ya watoto waliovaa nguo safi. Mhunzi wa Kaziba, ambaye naye alikuwa mwalimu, alipigwa picha kama sehemu ya "desturi" na si kama sehemu ya elimu.

Nani aliyeonyeshwa akijifunza?

Mwelekeo huo haukuwa wa misheni peke yake. Mpiga picha Casimir Zagourski, Mpolandi aliyehamia Léopoldville mwaka 1924 na kufariki mwaka 1944, alisafiri sehemu nyingi za Kongo na nchi jirani na kutoa mfululizo maarufu wa kadi za posta. Jina la mfululizo huo kwa Kifaransa lina maana ya "Afrika inayotoweka". Jina hili peke yake ni nadharia nzima ya historia. Mtu mzima wa Kiafrika alikuwa mfano wa jambo linalokufa; mabadiliko yalikuwa ya wengine, yaani watoto wa shule. Kinachotoweka hakijifunzi, kinasubiri kuhifadhiwa tu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia utawala wa Kibelgiji ulitumia picha kwa namna nyingine. Idara yake ya habari, iliyojulikana kama Congopresse na baadaye Inforcongo, ilituma wapiga picha kila mkoa ili kuonyesha maendeleo. Sehemu kubwa ya hazina hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Humo watu wazima wanaojifunza wamo, lakini kwa masharti. Wanawake wanaonyeshwa katika vituo vilivyoitwa foyers sociaux, wakijifunza kushona, kupika, kupiga pasi na kulea watoto kwa mtindo wa Kizungu. Vituo hivyo vilikuwa katika miji mingi, pamoja na Usumbura, Bujumbura ya leo. Katika picha hizo mwalimu ni mwanamke wa Kizungu aliyesimama, na mwanafunzi ni mama wa Kiafrika aliyeinama juu ya cherehani au karai. Hakuna anayeuliza mama huyo alikuwa akijua nini kabla ya kuingia mlangoni: kulima, kusuka vikapu, kutibu mtoto kwa majani, kupatanisha waliogombana. Picha inaanza maisha yake siku ya kwanza ya kozi.

Wanaume nao walikuwa na mtihani wao. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa za uraia kwa wale walioitwa "waliostaarabika", na mwaka 1952 ikaongeza utaratibu wa kuandikishwa katika daraja la juu zaidi. Mwombaji alichunguzwa kuhusu kusoma kwake, ndoa yake na namna anavyoishi nyumbani. Hapa mtu mzima alitakiwa kujifunza upya mambo ya kila siku: namna ya kuketi mezani, kushika uma, kupanga sebule. Si ajabu kwamba katika picha nyingi za studio za zamani hizo mtu hukaa kwenye kiti, kalamu mfukoni, kitabu au redio kando yake. Wengine wamezicheka picha hizo kuwa ni za kujionyesha. Inawezekana kuzisoma vingine: ni vyeti ambavyo watu wazima walijitolea wenyewe, kwa kuwa hakuna shule iliyokuwa tayari kuwapa.

Mpiga picha ni mwanafunzi

Tukio lisilosemwa katika picha yoyote ni lile la mtu aliye nyuma ya kamera. Huyo naye alijifunza, na katika sehemu hizi mara nyingi alijifunza akiwa mtu mzima mwenye kazi nyingine.

Herzekiah Andrew Shanu alizaliwa Lagos mwaka 1858, akasoma na kufundisha huko, kisha akaja Boma mwaka 1884 kufanya kazi ya ukarani na ukalimani katika utawala wa Kongo. Baadaye akawa mfanyabiashara, na upigaji picha wake ulimpatia jina. Mwalimu wa shule aligeuka karani, karani akageuka mpiga picha na mfanyabiashara. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 aliwapa wapinzani wa ukatili wa Leopold wa Pili habari walizozihitaji. Alipogunduliwa aliandamwa na kuharibiwa biashara yake, naye akajiua mwaka 1905. Wakati huo huo Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiingereza huko Baringa, alimpiga picha mwaka 1904 mzee Nsala akiutazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa. Picha hiyo ilizunguka dunia. Hakuna kati ya hawa wawili aliyekuja Kongo kama mpiga picha wa kazi. Wote wawili walishika kamera kwa kuwa mazingira yaliwataka.

Mfano wa karibu zaidi na maisha ya kawaida ni wa Jean Depara. Alizaliwa Angola mwaka 1928. Mwaka 1950 alinunua kamera ndogo kwa sababu moja tu: alitaka kumbukumbu ya harusi yake. Alikuwa akijipatia riziki kwa kutengeneza baiskeli na kamera na kwa kuuza vyuma chakavu. Kutoka harusi hiyo aliendelea hadi kuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco, akafungua studio Kinshasa mwaka 1956, na baadaye akawa mpiga picha wa bunge hadi mwaka 1989. Alifariki mwaka 1997. Kinachofundisha hapa ni njia yake: mikono iliyokwisha kujua skrubu na springi za baiskeli haikuanza upya ilipofungua kamera. Stadi mpya ilipandikizwa juu ya shina la zamani, kama mkulima apandikizavyo tawi la chungwa juu ya mdimu.

Pwani nako mambo yalifanana. Goa ilimleta A. C. Gomes, aliyefungua studio Unguja mwaka 1868. Hapo kazi ilirithiwa katika familia. Lakini Lamu, Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, alijifundisha mwenyewe, na Bakor Studio ikajulikana kwa picha za kuunganisha vipande ambazo hakuna shule iliyomwonyesha. Huko Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wengi waliotoka bara walijenga vibanda vya studio karibu na kivuko cha Likoni, vikiwa na mandhari zilizochorwa za meli, ndege na majumba. Kazi waliifunzana wao kwa wao, papo hapo, abiria wakisubiri pantoni.

Katika vilima kama vya Walungu mpiga foto alikuwa mtu wa kutembea. Alifika sokoni, kwenye ubatizo, kwenye arusi na siku ya kufunga shule. Filamu ya picha 36 ilikuwa mtaji, na kila picha iliyoharibika ilikuwa pesa iliyotupwa. Filamu ilipokwisha ilipelekwa Bukavu kusafishwa, safari ya zaidi ya kilomita 40, na wateja wakasubiri. Wale waliosafisha wenyewe walijifunza katika chumba cha giza kwa taa nyekundu: karatasi iliyopigwa mwanga huingizwa katika dawa ya kwanza hadi sura ichomoze, kisha dawa hiyo husimamishwa, kisha sura huimarishwa kwa dawa nyingine ili isiliwe na mwanga, na mwisho huoshwa kwa maji mengi. Mwanafunzi aliyekuwa na haraka ya kuosha alitoa picha nzuri iliyogeuka manjano baada ya miezi. Hakuna kitabu kilichomweleza. Mteja aliyerudi na picha yake mkononi ndiye aliyemweleza. Huu ni ule ule mpango wa mhunzi wa Kaziba: kwanza kutazama, kisha kushika, kisha kukabidhiwa.

Picha iliyogeuza darasa

Baada ya uhuru baadhi ya nchi zilijaribu kuupindua mpango wa zamani kwa makusudi. Julius Nyerere alipowasilisha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano mwaka 1964, alieleza kuwa watu wazima ndio wanaopaswa kuelimishwa kwanza, kwa kuwa watoto hawangeleta athari katika uchumi kwa miaka 5, 10 au hata 20. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini Tanzania. Kwa hesabu za serikali, idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka karibu theluthi mbili mwaka 1967 hadi asilimia 27 mwaka 1977. Picha za wakati ule, za wazee wakiwa wameketi chini ya mti mbele ya ubao, zilitoka magazetini bila mshangao. Zilionyesha jambo la kawaida la kijiji: jioni, baada ya shamba, watu wanakwenda kisomo.

Linganisha na yaliyotokea Kenya. Januari 2004, baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa miaka 84 aliyewahi kupigana katika Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret. Picha yake akiwa amevaa sare, kaptura na soksi ndefu, katikati ya watoto, ilienea duniani kote. Mwaka 2005 alikwenda New York kuzungumza kuhusu elimu. Alifariki Agosti 2009. Baadaye Priscilla Sitienei, mkunga wa Ndalat, alifuata njia hiyo hiyo na kusoma pamoja na watoto hadi alipofariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99.

Hapana shaka kwamba picha ya Maruge ilifanya kazi njema. Hata hivyo, inastahili kutazamwa kwa uangalifu. Ilisambaa kwa sababu ilionekana kinyume na maumbile: mvi ndani ya kaptura ya shule. Mtazamaji anafurahi, anatabasamu, kisha anarudi kwenye imani yake ya kwanza kwamba mahali pa kujifunza ni shule ya watoto, ila safari hii mzee mmoja shujaa ameingia humo. Picha ya mkunga akiwa na watoto darasani ni nzuri. Lakini miaka yote aliyoitumia kujifunza na kufundisha ukunga haina picha iliyozunguka dunia. Ndiyo maana picha za kila siku ni muhimu kuliko picha za habari. Picha ya habari humtafuta mtu wa pekee. Picha ya kila siku huonyesha kwamba hayuko peke yake.

Walungu baada ya vita

Katika Walungu suala hili si la nadharia. Bukavu iliingiwa na vita mwishoni mwa Oktoba 1996, vita vingine vikaanza Agosti 1998, na kwa miaka mingi iliyofuata vikundi vyenye silaha vilishambulia vijiji vilivyo karibu na misitu. Shambulio la Kaniola la Mei 2007 ni mojawapo tu ya yaliyoandikwa. Aliyekimbia usiku alibeba mtoto na sufuria. Albamu ilibaki, na nyumba ikachomwa. Kwa namna hii kumbukumbu za familia za miongo mingi zilipotea, na zilizobaki nyingi ni zile za wageni, zilizohifadhiwa mbali.

Picha zilizotoka Walungu na kwenda ulimwenguni katika miaka ile zilikuwa hasa za wanawake waliodhulumiwa. Zilikuwa na sababu yake, kwa kuwa ulimwengu ulipaswa kujua. Lakini zilikuwa na hatari ile ile ya kadi za Zagourski: zilimfunga mtu katika hali moja. Wakati huo huo wanawake wale wale, wengine vijana na wengine wenye wajukuu, walikuwa wakijifunza kushona, kutengeneza sabuni, kusoma, kuhesabu, kuweka akiba kwa pamoja na kulima mazao ambayo wazazi wao hawakuyalima. Bukavu ilipata mwaka 1999 hospitali ya Panzi, na mwaka 2011 kituo cha City of Joy, ambamo wanawake walionusurika hupata mafunzo ya kazi na ya uongozi. Picha ya mwanamke mbele ya cherehani yake mwenyewe ni tofauti na ile ya foyer social, hata kama mashine ni ya aina moja. Huku hakuna mgeni aliyesimama nyuma yake. Na mara nyingi aliyemfundisha ni mwanamke aliyemaliza kozi mwaka uliotangulia. Fundi amerudi kwenye mzizi wake: mwenye kufunda.

Hata mwanzilishi wa Panzi, Denis Mukwege, ambaye asili ya familia yake ni Kaziba, ni mfano wa jambo hili. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, akasomea udaktari Bujumbura na magonjwa ya wanawake Ufaransa. Hospitali ya Lemera alikofanya kazi iliharibiwa mwaka 1996. Upasuaji uliompa jina aliuendeleza kwa sababu majeraha aliyoletewa yalimlazimu kujifunza. Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Picha ya tuzo inajulikana na kila mtu. Ya mtu wa miaka 60 anayetetea tasnifu yake ni ya kawaida zaidi, na labda ndiyo inayowafaa wanafunzi kuitundika ukutani.

Kamera mfukoni

Mwaka 2005 tume ya uchaguzi ya Kongo iliandikisha wapiga kura zaidi ya milioni 25 kwa mashine zilizopiga picha na kutoa kadi papo hapo. Kadi hiyo ikatumika badala ya kitambulisho cha taifa, na wanakijiji wakajifunza kuketi mbele ya kamera kama jambo la haki na si la anasa. Mashine hizo hazikuhitaji filamu. Punde si punde, mwaka 2008, kampuni ya Polaroid iliacha kutengeneza filamu zake za papo hapo, na mwaka 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Simu zenye kamera zikaingia hata vijijini.

Fundi wa chumba cha giza, aliyetumia miaka 20 kujua dawa na joto la maji, alijikuta mwanafunzi tena, safari hii mbele ya kompyuta na mashine ya kuchapisha. Wengine waliacha. Wengine walijifunza kwa vijana waliokuwa wasaidizi wao. Nyumbani nako mpangilio wa zamani uligeuka: mjukuu alimwonyesha bibi namna ya kupiga foto kwa simu, naye bibi akamwambia mjukuu wapi pa kusimama ili jua lisimpige machoni. Kila mmoja alikuwa na stadi ambayo mwingine hakuwa nayo. Hapa methali ya samaki inakosa nguvu, kwa sababu anayekunjwa na anayekunja wanabadilishana nafasi mchana huo huo.

Hitimisho

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba kujifunza ukubwani hakukuwa jambo la nadra katika Walungu wala pwani. Kilichokuwa nadra ni macho ya kukuona. Mhunzi, mama wa sokoni, mpiga foto wa baiskeli na mshonaji wa baada ya vita walijifunza mbele ya kila mtu, lakini picha zilizohifadhiwa ziliwatazama kwa haja nyingine. Msomaji wa picha za zamani anashauriwa kuuliza maswali manne: nani anashika chombo, nani amesimama na nani ameinama, nani alilipia picha, na kuna maandishi gani nyuma yake. Swali la mwisho linawahusu hasa wanafunzi wa Kiswahili. Nyuma ya picha nyingi za nyumbani kuna mstari mmoja wa wino: jina, tarehe, "ukumbusho", "nilipomaliza kazi ya ushonaji". Hayo ni maandishi ya Kiswahili cha watu ambao hawamo katika vitabu, na ni ushahidi wa lugha kama ulivyo ushahidi wa historia. Msamiati wa mafundi wa chumba cha giza nao unakufa pamoja nao.

Februari 2025 Bukavu ilitekwa na waasi wa M23, na kwa mara nyingine familia za mji na za vilima vya jirani zilifunga mizigo kwa haraka. Kwa hiyo kazi ya kukusanya haiwezi kungoja amani kamili. Si lazima picha ziondolewe kwa wenyewe. Inatosha zinakiliwe mbele na nyuma, kwa idhini, mwenyewe akisimulia. Mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuianza kazi hiyo katika nyumba ya nyanya yake, na huko atakuta kwamba amekwenda kukusanya na amebaki kufundwa.